Naomba ushauri: jalada la jarida la muziki kwa vijana wa Dodoma

Ndugu wanachama, habari za kazi. Ninaandaa jarida la muziki hapa Dodoma, na wasomaji ninaowalenga ni vijana wa miaka 18 hadi 25, hasa wanafunzi wa vyuo, ambao husikiliza Bongo Fleva na Singeli kutwa nzima ilhali wengi wao wamekulia karibu na zeze, ilimba (ala ya kupigwa kwa vidole gumba) na ngoma ya muheme ya Wagogo.

Jalada la kwanza nimelitengeneza kwa ukubwa wa A4, likiwa na picha ya mama aliyebana muheme katikati ya mapaja, vumbi jekundu likimrukia miguuni. Kwenye skrini lilinivutia sana. Nilipochapisha nakala ya majaribio, wekundu ule ukawa kahawia iliyofifia, na jina la jarida, nililoliandika kwa herufi nyembamba za njano, likamezwa na kilemba chake. (Nilisahau kuibadilisha picha iwe katika rangi nne za uchapaji, hilo nimesharekebisha.)

Kinachonisumbua zaidi ni utambulisho. Kijana niliyemwonyesha alidhani ni kitabu cha historia, lakini nikiweka msanii mwenye miwani ya jua, jarida linafanana na mengine yote. Isitoshe, wauzaji hupanga magazeti mezani yakilaliana, hivyo huonekana sehemu ya juu tu.

Je, nembo itokane na umbo la zeze, au herufi nene zinatosha kulibeba jina? Na picha ya muheme ibaki jaladani, au niihamishie kurasa za ndani?