Darasa la Jumamosi (kikundi cha ukoo)

Dada Mkubwa, 1:10 usiku: Jamani, Jumamosi vijana wanasomeshwa hadithi za Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Mjomba pango la wafungwa wanaoona vivuli tu, Binamu pete ya Gyges inayomfanya mtu asionekane, mimi Er, askari aliyefufuka akasimulia ya ahera. Imebaki hukumu ya wafu, ile ya kitabu cha Gorgias. Gorgias nani?

Dada Mkubwa, 1:50: Tiki za bluu naziona.

Mjomba, 2:15: Nitaleta taa na shuka. Wafungwa waupe moto mgongo, katikati ukuta mfupi, wabeba sanamu wapite nyuma yake. Vichwa vya wabebaji vikitoa vivuli, fumbo limeharibika.

Shangazi: Na safari hii usiishie mfungwa aliyetoka pangoni anapoliona jua! Mwaka jana ulikata hapo hapo. Anarudi gizani, haoni vizuri, anachekwa, wangeweza hata kumuua. Ukiruka hapo umemtoa Socrates, mwalimu wa Plato, aliyehukumiwa kifo Athens mwaka 399 KK. Halafu lile la pango ni fumbo, si mithi (hadithi ya miungu na ahera).

Mjomba: Tumeanza tena.

Binamu: Mimi nikiivaa pete, pilau ya Shangazi imekwisha 😂

Mdogo wetu: 😂😂 Niachie ukoko

Dada Mkubwa: Turudi! Swali la Glaucon, ndugu yake Plato, ndilo hilo: asiyeonekana atende haki kwa nini? Binamu, usiwape jibu. Pete iko sehemu (kitabu) ya 2 ya Jamhuri ya Plato, na Socrates anaitaja tena kitabu cha 10. Kwa Er nitakazia kura ya roho kuchagua maisha yajayo: wa kwanza anakimbilia udikteta, naye katoka mbinguni, wema wake ulikuwa wa mazoea tu.

Babu, 4:20: Hadithi isitangulie hoja. Kwenye Gorgias, Socrates anabishana kwanza na Gorgias mwenyewe, mwalimu wa usemaji, kisha Polus na Callicles, hukumu ya wafu inakuja mwisho. Mkianza nayo, vijana wataogopa kuzimu bila kujua kwa nini kudhulumu ni kubaya kuliko kudhulumiwa.

Dada Mkubwa: Shikamoo Babu. Tumesikia.

Shangazi: Lakini Babu, mwalimu Protagoras, kwenye kitabu cha Plato chenye jina lake, kaanza na hadithi ya Prometheus aliyeiba moto wa miungu, hoja baadaye.

Babu: Aliwauliza wasikilizaji wanataka kipi, wakamwachia. Akachukua hadithi kwa kuwa inapendeza zaidi. Kasome tena, mwanangu.

Dada Mkubwa, 12:40 asubuhi: Basi hoja kwanza. Saa nne asubuhi. Gorgias nani??

Mjomba: Saa nne kuna mwanga, vivuli havitoki.

Shangazi, 6:05 mchana: Nachukua nusu ya Gorgias: watu walihukumiwa wakiwa hai, wamevaa mavazi yao, hukumu zikapotoka, Zeus, mkuu wa miungu, akaamuru wafe kwanza na wasimame uchi. Waamuzi watatu wa wafu achukue mwingine.

Dada Mkubwa: Mwingine nani?