Datsun 240Z inauzwa Nakuru: bei ya haki nitaijuaje?

Swali: Wakuu, nimeonyeshwa 240Z (gari la michezo la Kijapani) ya 1972, rangi inang'aa, mwenyewe anadai injini ni ile ya kiwandani. Nikague nini kabla ya kutaja bei?

Jibu 1: Rangi isikuzuzue. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa chini ya milango na juu ya magurudumu. Isiposhika, hapo ni puti, yaani kijazio kinachofunika bati lililooza. Inua zulia uone sakafu, kisha toa betri: tindikali hutoboa bati chini yake. Injini hutengenezeka, kutu ya chasi ndiyo hula pesa.

Jibu 2: Namba ya chasi ianze na HS30, ilingane na logibuku. Kwenye bloku ya injini isomeke L24 (lita 2.4). Ukikuta L28 (lita 2.8), injini ilibadilishwa. Shusha bei, hata kama inavuta zaidi.

Jibu 3: Pima kompresheni (nguvu ya kubana hewa) ya silinda zote 6, injini ikiwa moto. Moja ikiachwa nyuma sana, ni ringi au valvu. Gharama hiyo ni ya muuzaji.