Cherero wangu kanigeuka, ananiuma mpaka damu

MamaSumayya (Maskati)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina cherero mmoja, wale ndege wadogo ambao madukani wanaitwa lavubadi. Ni kijani, uso rangi ya pichi iliyoiva, na akiruka unaona buluu juu ya mkia. Binti yangu kampa jina Zumaridi. Tulimchukua akiwa na miezi miwili, sasa anaingia wa kumi na moja. Nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, yeye alikuwa akijikunja ndani ya mtandio wangu, shingoni, akasinzia.

Wiki tatu hizi kabadilika. Nikitia mkono tunduni kubadilisha maji anatoka mbio kwenye kifuu chake, anakamata nyama ya pembeni mwa ukucha, halafu anauzungusha mdomo kama mtu anayefungua chupa. Juzi damu imedondokea kwenye bakuli la maji. Sumayya ana miaka minane, sasa hataki hata kupita karibu na tundu, na hilo linaniuma kuliko kidole.

Nimemkaripia, nimempulizia usoni, nimemgonga mdomo kwa kidole kama alivyoniambia mwenye duka. Anazidi. Mume wangu anasema tumpe mtu mwingine. Sitaki. Tundu liko sebuleni, nimemtundikia kifuu cha nazi cha kulalia, chini natandika magazeti. Anakula mbegu, na jioni nampa wali wa moto kidogo na yai. Akiwa nje ya tundu ana afadhali. Aliyewahi kupitia haya anisaidie.

Mzee wa Kisauni

Wa alaykumu salaam mwanangu. Nijibu mawili kwanza. Hayo magazeti anayafanyaje? Na taa ya sebuleni inazimwa saa ngapi?

MamaSumayya

Anayachana vipande virefu vyembamba, vimenyooka kama vya mkasi. Kisha anavichomeka kwenye manyoya ya mgongoni, pale juu ya mkia, anaingia navyo kwenye kifuu. Vingine vinamdondoka njiani, anarudi kuvichukua. Sisi tulidhani anacheza, tukawa tunampiga picha. Taa inazimwa saa sita usiku, siku za wageni hata saa saba.

Dulla_Kanga

Mkate mabawa dada. Akishindwa kuruka atanyenyekea mwenyewe.

Mzee wa Kisauni

Dulla, hapana mwanangu. Ndege aliyekatwa mabawa hana pa kukimbilia, na asiyeweza kukimbia kinachombakia ni kuuma. Nimeona hivyo kwa wangu mwenyewe, ilinichukua zaidi ya mwaka kumrudisha.

MamaSumayya, huyo si mkorofi. Huyo karibu hakika ni jike, na anajenga kiota. Dume anaweza kuchana karatasi pia, lakini kuzichomeka vizuri namna hiyo mara nyingi ni kazi ya jike. Kifuu ndiyo nyumba yake, na mkono wako unaingia kwa mwenye mayai, hata kama mayai bado hayajatoka.

Hawa wenye uso wa pichi asili yao ni nchi kavu, Namibia na kusini mwa Angola. Huko hungoja mvua, chakula kikishakuwa tele ndipo wanataga. Sasa tazama nyumbani kwako: mbegu bakuli limejaa kutwa, wali wa moto na yai, mwanga mpaka saa sita, na pango la kutagia juu yake. Kwake yeye masika hayaishi.

Kifuu kitoe leo. Mpeleke kwanza chumba kingine asikuone ukikichukua. Ukishakitoa, vijiti na vyombo vyote vihamishe, akirudi alikute tundu geni ambalo hajaanza kulilinda. Magazeti yaweke chini ya wavu wa sakafu, asiyafikie. Kama kuna kioo, toa. Saa moja jioni mtie kwenye chumba kisicho na watu, funika tundu mpaka saa moja asubuhi. Giza la saa 12 ndilo dawa kubwa kuliko zote nilizotaja, usilifupishe kwa sababu ya wageni. Wali na yai acha kwa sasa. Mpe karoti iliyokunwa na sukuma wiki, mbegu zipime.

Mkimkuna, iwe kichwa na shingo tu. Mgongo msiuguse, kwake hayo ni mambo ya dume.

Kumgonga mdomo acha kabisa. Mdomo ndio mkono wake, anapandia, anashikia, anaonjea. Ukiupiga unamfundisha kwamba vidole ni adui, na umeona mwenyewe kwamba anazidi. Halafu jifunze kumsoma. Kabla hajauma manyoya yanalala yakambana mwili, shingo inarefuka, mdomo unafunguka kidogo. Ukiona hivyo usisubiri, rudisha mkono taratibu kabla hajakugusa. Ukingoja akuume ndipo uuvute, atajua kuuma kunafukuza mkono. Mlango ufungue atoke mwenyewe juu ya kijiti, maji badilisha akiwa nje. Akipanda kijiti bila kuuma, papo hapo mpe shuke la uwele.

Jambo la mwisho, na hili usilipuuze. Anaweza kutaga hata bila dume. Mtilie tunduni mfupa mweupe wa dome (mnyama wa baharini anayefanana na ngisi), ule unaookotwa ufukweni, uuoshe na kuukausha vizuri, apate chokaa. Akitaga, yai usimnyang'anye, atataga jingine afidie. Mwachie mpaka alichoke. Ukimkuta kajikunja chini ya tundu, manyoya kayatutumua, mkia unapanda na kushuka, anajikamua, yai limekwama. Hapo ni daktari wa ndege saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Mtu wa Ziwani (Mwanza)

Naongezea kidogo. Cherero wa huku kwetu, Agapornis fischeri, wale wenye duara jeupe machoni, wao hubeba vijiti mdomoni, hawachomeki mgongoni. Kwa hiyo mwenye aina hiyo asingoje kuona karatasi kwenye manyoya. Mimi wa kwangu alianza kwa kulala ndani ya kofia yangu ya zamani iliyokuwa juu ya kabati, akawa hataki mtu aingie chumbani. Nilipoiondoa kofia, siku sita hivi akatulia.

MamaSumayya

Nimerudi, ni wiki ya tano leo. Mzee wangu wa Kisauni, Allah akulipe kheri.

Siku nne za mwanzo baada ya kutoa kifuu alikuwa na hasira sana, akizunguka pembe ile ile akilia, na mimi nikilia jikoni. Nilikaribia kukirudisha. Siku ya tano akaanza kulala kwenye kijiti cha juu. Hakutaga. Mume wangu ndiye anayefunika tundu saa moja, na wageni tumewahamishia majlisi.

Ameniuma mara mbili tu tangu hapo, zote nilikuwa nina haraka sikutazama shingo yake. Mkono tunduni bado siutii akiwa ndani.

Jana alasiri Sumayya alikaa chini kwenye mkeka, kashika shuke la uwele kwa ncha za vidole, macho kayafumba. Zumaridi kashuka kutoka juu ya pazia, kasimama mbali kidogo, kasogea. Kachomoa punje moja, kaila. Akachomoa ya pili. Sumayya akafumbua jicho moja akaniuliza kwa kunong'ona, "Mama, nimpe lote?"