Fundi wa kamera hapa Arusha kanifutia kioo cha renjifainda, kisha ananitaka nishukuru

Wanajukwaa, salaam.

Nilichelewa kuufungua uzi huu kwa makusudi, nikingoja hasira zipungue. Hazijapungua. Kuna fundi wa kamera katikati ya mji wa Arusha, ambaye sitamtaja jina wala mtaa, aliyepokea kamera yangu ikiwa na kasoro ndogo, akanirudishia ikiwa na kasoro kubwa tatu ambazo haikuwa nazo, akapokea Sh 80,000 zangu, na nilipolalamika akanijibu: "Mama, hii ni kamera ya kizamani, shukuru hata inalia." Kijana mwenyewe ana adabu, na shikamoo yake haina dosari. Ninacholalamikia ni kazi yake.

Kamera ni Canonet QL17 GIII, aina iliyoanza kuuzwa na Canon ya Japani mwaka 1972, nami nimeirithi kwa mjomba wangu. Ni kamera ndogo ya filamu ya milimita 35, yenye lenzi ya milimita 40 isiyobadilishwa, ambayo hufunguka hadi f/1.7 (namba hiyo ikiwa ndogo, uwazi unaopitisha mwanga ni mkubwa). Tofauti yake na zile kamera kubwa ambazo mafundi wengi wamezizoea ni kwamba hii haina kioo kinachoruka ndani, wala mpigaji hatazami kupitia lenzi. Anatazama kupitia dirisha dogo lililo juu ya lenzi, na katikati ya dirisha hilo kuna kiraka hafifu cha manjano ambamo mtu anayepigwa picha huonekana mara mbili. Ukizungusha pete ya lenzi, taswira hizo mbili husogeleana, na zikikaa moja juu ya nyingine, umbali umepatikana. Hiyo ndiyo renjifainda. Inafanya kazi kwa madirisha mawili yaliyoachana kwa sentimita chache na kioo kimoja chembamba kilichopakwa utando mwepesi, hivi kwamba sehemu ya mwanga hupenya na sehemu huakisiwa. Naomba mkiweke akilini kioo hicho.

Nilimpelekea fundi kazi mbili tu, na niliziandika kwenye karatasi. Ya kwanza ilikuwa kubadilisha sponji za mlango wa nyuma, zile zinazozuia mwanga usiingie kwenye filamu, ambazo katika kamera zote za umri huu huoza na kuwa nata nyeusi inayochafua vidole. Ya pili ilikuwa kurekebisha umbali, kwa sababu nilipotazama kilele cha Meru huku lenzi ikiwa imezungushwa mpaka alama ya mwisho, niliona vilele viwili vilivyopishana kidogo. Marekebisho hayo hufanywa kwa kuzungusha skrubu ndogo iliyo chini ya kifuniko cha juu. Hayahitaji kung'oa kitu kingine chochote, na nilimwambia hivyo. Akacheka, akaniambia ameshatengeneza Zenit nyingi, zile kamera kubwa za Kirusi, na kwamba kamera zote ni zilezile.

Si zilezile, na yaliyotokea baada ya hapo yanalithibitisha hilo vizuri kuliko ninavyoweza kueleza mimi.

Kwa maelezo yake mwenyewe, alipoijaribu kamera ilikataa kubonyezeka, akahitimisha kwamba shata, yaani kile kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga kwenye filamu, imekwama. Mwanafunzi wake, ambaye nadhani hakuelewa uzito wa alichokuwa akikisema, akadakia kwamba kifuniko cha lenzi kilikuwa bado kimefunga. Tafadhali someni tena hapo. Katika kamera hii dirisha la kutazamia haliko kwenye lenzi, kwa hiyo kifuniko kikiwa kimefunga mpigaji huendelea kuona kila kitu kama kawaida. Lakini jicho la kupimia mwanga liko ndani ya pete ya lenzi, na linapofunikwa huona giza. Pete ya uwazi ikiwa kwenye alama ya A, yaani kamera ijichagulie uwazi yenyewe, kamera hujifunga yenyewe ili usipoteze picha. Wajapani waliifikiria hali hiyo na wakaiwekea kinga. Fundi wetu aliiona kinga akadhani ni ugonjwa, akaifungua lenzi na kutia mafuta ya cherehani kwenye shata.

Shata ya kamera hii imeundwa kwa vibati vyembamba vinavyofunguka na kufunga katikati ya vioo vya lenzi, na vibati hivyo vinatakiwa kuwa vikavu kabisa. Tone moja la mafuta husambaa na kuvigandisha. Sasa kasi iliyoandikwa 500, yaani sehemu moja ya 500 ya sekunde, husikika wazi kwamba inajikokota, na asubuhi zenye baridi ya kwetu vibati hubaki wazi mpaka niitikise kamera. Vibati vya uwazi wa lenzi navyo vimelowa. Kabla ya kwenda kwa fundi shata ilikuwa nzima, na negativu za mkanda wa mwisho ninazo kwa yeyote atakayetaka ushahidi.

Hilo linaweza kusafishika, kwa gharama. Kinachoniuma zaidi ni kile kioo.

Alipofungua kifuniko cha juu aliona kioo cha renjifainda kina utando wa manjano, akadhani ni uchafu wa miaka. Akachukua pamba na spiriti, akausugua mpaka ukatoka wote. Utando huo ndio unaoakisi taswira ya pili. Ukiondoka, kioo kinabaki kuwa kioo cha kawaida na kiraka kinapotea. Hakuna namna ya kuurudisha kwa mkono. Nilipokwenda kuichukua, alinikabidhi kamera kwa fahari na kusema, "Tazama, mama, sasa dirisha linang'aa." Kweli lilikuwa linang'aa. Nilizungusha pete ya lenzi mwanzo hadi mwisho na hakuna kilichosogea ndani ya dirisha.

Nikamweleza. Akasema nipige mchana, kwenye jua, bila kuhangaika na umbali. Ushauri huo una ukweli nusu, nao ndio unaomfanya mtu asiyejua aonekane anajua. Ni kweli kwamba ukifunga lenzi hadi f/8 na kuiweka kwenye mita sita na nusu hivi, vitu vyote kuanzia kama mita tatu na kuendelea vitatoka safi kiasi cha kuridhisha. Lakini ukiifungua hadi f/1.7 kumpiga bibi aliyekaa mita moja mbele yako ndani ya nyumba yenye dirisha moja, kina cha usafi, yaani eneo la mbele hadi nyuma linalotoka safi, ni sentimita sita tu, kwa hiyo ukikosea kidogo, sikio linatoka safi na jicho linatoka na ukungu. Mtu hanunui lenzi ya f/1.7 ili aitumie kwenye jua la saa sita pekee.

Kasoro ya tatu ni betri. Kamera hizi zilitengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo hazitengenezwi tena kwa sababu ya sumu yake. Marekani ilizipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1996, na sisi tunaosikia habari za zebaki ya wachimbaji wadogo wa Geita hatuna haja ya kuelezwa sababu. Mimi nilikuwa natumia betri za vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, ambazo hutoa volti 1.4 hivi, na nilikuwa nimeikalisha moja kwa kipete cha mpira. Betri hizo huvuta hewa kupitia vitundu vidogo, huisha baada ya wiki kadhaa, na bei yake inavumilika. Fundi aliitoa, akaitupa, akaweka betri ya kawaida ya volti 1.5 iliyozungushiwa karatasi ya sigara, kisha akaiziba kwa gundi "isicheze". Volti ikizidi, kipima mwanga hudanganyika kwamba mwanga ni mwingi, lenzi hufungwa kupita kiasi, na sehemu za kivuli kwenye negativu hutoka tupu. Tena volti ya betri hizo hushuka kadiri zinavyotumika, kwa hiyo hata kosa lenyewe halikai mahali pamoja ili mtu alizoee. Na gundi hiyo imeingia kwenye nyuzi za kifuniko cha betri.

Najua atatokea mtu wa kuniambia kwamba simu yangu inapiga picha safi kuliko hiyo. Simu ninayo. Tuendelee.

Ninaipenda kamera hii kwa sababu za kazi. Shata yake haina kishindo: nimepiga picha za kipaimara nikiwa nimesimama karibu na altare na padri hakugeuka. Dirisha lake haliingii giza wakati wa kupiga, kwa hiyo naona kama mtu amepepesa macho. Flashi yake inafanya kazi kwenye kasi zote hadi 500, wakati kamera kubwa nyingi za enzi hizo ziliishia 60 au 125; maana yake ni kwamba saa saba mchana, jua likiwa utosini na nyuso zetu zimezama kwenye kivuli cha kofia na vilemba, ninaweza kuziangazia kidogo bila kuichoma anga iliyo nyuma. Mpigaji wa harusi wa Moshi au Arusha anajua shida hiyo. Na betri ikifa kabisa, ninaitoa pete kwenye A, ninakadiria uwazi mwenyewe, na shata inaendelea kufanya kazi kwa kasi zote, kwa kuwa betri ni ya kipima mwanga peke yake. Gundi yote ile ilikuwa ya nini?

Nirudi kwa fundi. Sikasiriki kwa sababu hakuijua kamera hii, kwani wachache wanaijua. Nakasirika kwa sababu hakuuliza. Namba yangu ya simu ilikuwa kwenye risiti, na karatasi ya maelekezo ilikuwa ndani ya mkoba wa kamera. Alipoikuta haibonyezeki angeweza kunipigia. Alipouona utando wa manjano angeweza kunipigia. Badala yake alifanya kazi ambayo hakutumwa, kisha akaitoza fedha. Neno "sijui" lingemgharimu elfu themanini, nami ningemheshimu na kumrudia kwa kazi nyingine.

Kuhusu ile hoja yake ya kizamani: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kwa uangalifu ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake mwenyewe. Haisemi kwamba mali ikiwa kuukuu uangalifu unapungua. Nimemwandikia barua nikimtaka arudishe fedha yangu yote na alipie kioo kingine. Nikijibiwa, nitaweka jibu hapa neno kwa neno.

Wakati huohuo naomba mambo mawili. Kama kuna fundi mkoani Arusha au Kilimanjaro aliyewahi kusafisha shata ya vibati na anaweza kunionyesha kamera aliyoifanyia kazi hiyo ikiwa inafanya kazi, anitumie ujumbe. Nitalipa, na nitakaa pembeni yake akiwa anafungua. Pili, kioo cha namna hii hupatikana kwa urahisi zaidi kutoka kwenye kamera nyingine ya aina hiyohiyo. Mwenye Canonet mbovu, hata kama lenzi imeota ukungu na shata imekufa, ilimradi kiraka cha manjano bado kinaonekana dirishani, aniambie bei. Nitaifuata Moshi, Babati, hata Namanga. Namsihi tu asiisafishe kabla sijafika.