Rupia milioni 3 za Vinod Kumar Shukla: ushahidi wa dhuluma au bahati ya soko?

Mleta mada

Vinod Kumar Shukla, mmoja wa waandishi wakubwa wa hadithi na mashairi katika Kihindi, alifariki Raipur, India, Desemba 2025 akiwa na miaka 88. Miezi mitatu kabla ya hapo, katika mji huohuo, mchapishaji wake mpya, Hind Yugm, alimkabidhi hadharani hundi ya rupia milioni 3. Ulikuwa mrabaha (sehemu ya mauzo anayolipwa mwandishi) wa miezi 6 wa riwaya moja tu, *Deewar Mein Ek Khirkee Rahati Thi*, yaani "Dirisha lilikuwa likiishi ukutani". Mchapishaji alitaja mauzo ya nakala 87,000 hivi.

Riwaya hiyo si mpya. Ilitoka 1997 na ikapata tuzo ya Sahitya Akademi, taasisi ya taifa ya fasihi ya India, 1999. Machi 2022 Shukla alilalamika wazi kwamba wachapishaji wake wawili wakubwa wa Delhi walikuwa wakimlipa maelfu machache tu ya rupia kwa mwaka, akataka haki za vitabu vyake zirudi mkononi mwake. Wachapishaji walikana kumpunja.

Msimamo wangu ni huu: kitabu ni kilekile, mwandishi ni yuleyule, lugha ni ileile. Kama kinaweza kuleta milioni 3 kwa nusu mwaka, basi kwa miaka 25 mzee huyu alidhulumiwa. Anayepinga alete hoja.

Mhariri wa vitabu

Napinga, na nitapinga kwa hesabu.

Chukua riwaya ya bei ya rupia 250 na mrabaha wa asilimia 10 ya bei ya jaladani. Kila nakala inampa mwandishi rupia 25. Riwaya nzito ya Kihindi kwa kawaida huchapwa nakala 500 au 1,000 kwa mkupuo. Zikiuzwa 1,000 zote, mwandishi anapata 25,000. Zikichukua miaka minne kwisha, ni 6,250 kwa mwaka. Hayo ndiyo "maelfu machache", na hakuna mtu aliyeiba hata senti. Ni mwendo wa kobe wa soko lenyewe.

Sasa gawanya milioni 3 kwa 87,000: inakuja rupia 34 na nusu kwa nakala. Si kiwango cha ajabu. Kilichobadilika ni idadi ya nakala, na idadi ilipanda kwa sababu vijana walianza kusomeana vipande vya riwaya hiyo kwenye video fupi za simu, wakati mwandishi tayari alikuwa ameanza kupata heshima za nje kama tuzo ya Marekani ya PEN/Nabokov ya 2023, kisha Jnanpith, tuzo kubwa ya fasihi ya India, iliyotangazwa Machi 2025. Mchapishaji wa 1998 angezitoa wapi video hizo?

Msomaji wa Kihindi

Ndugu mhariri, kobe huyo alifungwa miguu.

Sensa ya India ya 2011 ilihesabu watu milioni 528 waliotaja Kihindi kuwa lugha yao ya kwanza. Kuchapa nakala 1,000 kwa umma huo ni uamuzi wa biashara, si maumbile. Kwa miongo mingi wachapishaji wakubwa wa Kihindi waliegemea maktaba: unatoa jalada gumu la bei kubwa, unaingiza jina la kitabu kwenye orodha ya ununuzi ya serikali au ya chuo, unauza mamia kwa mara moja, unalipwa. Msomaji wa kawaida, mwalimu wa mji mdogo kama Raghuvar Prasad wa riwaya hii, hakuwa mteja. Jalada laini la bei nafuu likichelewa, au lisipofika duka la kituo cha treni, kitabu kinabaki na sifa bila wasomaji.

Hind Yugm walikuja na njia nyingine. Walianza na vijana wanaoandika kile kinachoitwa "Kihindi kipya", wakitumia jalada laini, oda za mapema mtandaoni na waandishi wanaozungumza na wasomaji moja kwa moja. Walipompata Shukla, mtambo wa kuuza ulikuwa umeshawashwa. Video zilisaidia, lakini video haimfai mtu akibonyeza "nunua" na kuambiwa kitabu kimekwisha.

Mhariri wa vitabu

Kuhusu jalada gumu na maktaba umesema kweli, nakubali. Hilo naliita uvivu wa kibiashara. Dhuluma ni neno zito zaidi, linahitaji ushahidi wa nakala zilizouzwa zikafichwa.

Mwanasheria wa hakimiliki

Mnabishana kuhusu asilimia na idadi, na mnaruka mahali ambapo fedha hupotea kweli. Kuna matundu matatu.

La kwanza ni asilimia 10 *ya nini*. Kwenye kitabu hichohicho cha 250, msambazaji akipewa punguzo la asilimia 40, mchapishaji anapokea 150. Mkataba ukisema asilimia 10 ya bei ya jaladani, mwandishi anapata 25. Ukisema asilimia 10 ya kilichopokelewa, anapata 15. Kwa nakala 87,000, ni tofauti ya rupia 870,000, na imesababishwa na neno moja ambalo waandishi wengi hulipita wakienda kutia sahihi.

La pili ni hesabu ya nakala. Nambari ya ISBN hukitambulisha kitabu tu. Haihesabu nakala zake. Kipimo ni hiki: nakala zilizokuwa stoo mwanzoni mwa mwaka, ongeza zilizochapwa, toa zilizobaki mwishoni, toa za bure na zilizoharibika. Zinazobaki ndizo zilizouzwa. Mwandishi anayeletewa karatasi yenye mstari mmoja tu, "zimeuzwa 212", hajaletewa hesabu. Anapaswa kuona ankara ya kiwanda cha kuchapa kwa kila mkupuo, kwa sababu mchapishaji halipii karatasi na wino bila kuacha risiti. Bila kifungu cha ukaguzi kwenye mkataba, mlango huo unabaki umefungwa mpaka aende mahakamani.

La tatu ni vitabu pepe na vya sauti. Mkataba wa 1997 huenda haukuvitaja. Marekebisho ya 2012 ya Sheria ya Hakimiliki ya India ya 1957 yaliweka wazi kwamba ukabidhi wa haki haugusi njia ya matumizi ambayo haikuwepo, au haikuwa ya kibiashara, wakati wa kutia sahihi, isipokuwa imetajwa waziwazi. Kwa hiyo, kama mkataba wa zamani haukuitaja njia ya kielektroniki, mchapishaji anayetoa riwaya kwa njia hiyo huenda akahitaji makubaliano mapya.

Mleta mada

Mwanasheria, kama sheria ni nzuri hivyo, kwa nini mtu wa hadhi ya Shukla asubiri mpaka miaka 85 ndipo aseme?

Mwanasheria wa hakimiliki

Kwa sababu sheria inamlinda aliye na karatasi. Kifungu cha 19 kinasema ukabidhi uwe wa maandishi, utaje kazi, muda, eneo na mrabaha. Muda usipotajwa, huhesabiwa miaka 5. Eneo lisipotajwa, ni India peke yake. Ni kinga kubwa kwa mwandishi aliyetia sahihi kwa haraka. Lakini mkataba ukisema "kwa muda wote wa hakimiliki", ile miaka 5 haimsaidii tena. Inabaki kwenda kulalamika kuwa masharti ni makali au hakulipwa, na hata hapo haki hazirudishwi kabla ya miaka 5 ya mwanzo kupita. Kesi ina gharama, na kwa anayedai elfu kadhaa kwa mwaka, wakili ni ghali kuliko deni.

Mfasiri

Naongeza upande wa mtu mwenyewe, maana hapa amegeuka tarakimu. Shukla alizaliwa Rajnandgaon 1937, akasomea kilimo Jabalpur, akafundisha kilimo chuoni Raipur. Aliishi kwa mshahara, hakuishi kwa vitabu. Mwandishi mwenye mshahara hasukumwi na njaa kudai hesabu, na mfumo mzima wa uchapishaji wa Kihindi ulijengwa juu ya watu wa aina hiyo: maprofesa, makarani, maofisa wa benki. Mrabaha ukawa kama zawadi ya sikukuu.

Na ajabu ni kwamba yeye mwenyewe aliliona jambo hili mapema. Katika *Naukar Ki Kameez* ya 1979, bosi ana shati lililoshonwa kwa kipimo cha mtumishi bora, na karani Santu anavalishwa kwa lazima. Shati limeshonwa kwanza, mtu anatafutwa baadaye. Nikisoma mikataba iliyochapwa tayari, yenye nafasi tupu ya jina tu, naliona shati lile.

Wenzetu wanaoandika riwaya za Kiswahili Kenya na Tanzania, ambako kitabu huuzwa kweli kikiteuliwa kufundishwa shuleni, wanalijua vizuri soko la mnunuzi mmoja mkubwa.

Mhariri wa vitabu

Nalegeza msimamo kidogo. Sitaki tena kusema "hakuna aliyeiba", kwa kuwa sijaona ankara za viwanda. Lakini na wewe mleta mada huwezi kusema "alidhulumiwa" kwa kuonyesha hundi ya mchapishaji mwingine. Hundi ya Septemba 2025 inathibitisha kwamba kitabu kingeweza kuuzwa. Haisemi lolote kuhusu nakala ngapi ziliuzwa kati ya 1997 na 2022.

Mwanasheria wa hakimiliki

Na swali hilo halijafa na mwandishi. India hulinda kazi kwa miaka 60 baada ya mwaka wa kifo, kwa hiyo vitabu vya Shukla ni mali ya warithi wake hadi mwisho wa 2085. Kwa kila kitabu ambacho bado kiko kwa mchapishaji wa zamani, barua ya kwanza ya warithi iombe vitu vitatu: nakala ya mkataba, ankara za kila mkupuo wa uchapaji, na idadi iliyopo stoo leo.