MREJESHO: Laptopu iliyong'ang'ania hotspoti ya simu

Wakuu, niliuliza kwa nini laptopu yangu ya Windows 11 inakimbilia hotspoti ya simu na kunimalizia bando wakati waifai ya nyumbani ipo. Imekaa sawa! Amri ya netsh wlan show profiles niliyopewa hapa ilitoa orodha ndefu ya mitandao iliyohifadhiwa kwenye laptopu, hadi ya nyumba niliyohama. Nimefuta yote nisiyotumia. Hotspoti nimeiondolea tiki ya kujiunga yenyewe, kisha nikaiwashia Metered connection (mpangilio wa kuiambia Windows kuwa data ya mtandao huo ina kikomo) ili masasisho makubwa yasubiri waifai. Hii ya mwisho ndiyo imeokoa bando hasa.

Waifai ya nyumbani ina bendi mbili za mawimbi: sebuleni natumia 5 GHz, ina kasi. Chumbani, nyuma ya kuta za tofali, 2.4 GHz ndiyo inayofika. Asanteni sana.