Mjadala: Je, wanahisa wengi waruhusiwe kubadili katiba ya kampuni ili kumtoa mwenzao?

Kwa sheria ya Uingereza, katiba ya kampuni hubadilishwa kwa azimio maalumu, yaani kura zisizopungua asilimia 75. Je, kura hizo ziweze kuingiza kifungu kinachomlazimisha mwanahisa mwenye hisa chache auze hisa zake hata kama hataki?

Mimi napinga, isipokuwa pale uwepo wake unapoidhuru kampuni.

Kipimo kilichozoeleka kinatoka kwenye kesi ya Allen dhidi ya Gold Reefs of West Africa, ya 1900: mabadiliko yafanywe kwa nia njema, kwa manufaa ya kampuni nzima. Lakini hiyo kampuni nzima ni nani, ikiwa asilimia 98 wanataka kuwaondoa asilimia 2? Ndiyo iliyokuwa Brown dhidi ya British Abrasive Wheel, 1919. Kampuni ilihitaji mtaji, na wengi walikubali kuutoa kwa sharti kwamba wachache wawauzie hisa zao. Mahakama ikakataa, na ilifanya vema. Katika Sidebottom dhidi ya Kershaw, Leese, 1920, kifungu cha namna hiyo kilikubaliwa, kwa kuwa kiliwagusa wanahisa wanaofanya biashara ya kushindana na kampuni, tena kwa kuwalipa thamani ya haki. Mshindani aliyemo ndani ni hatari ya kweli. Kutaka hisa zote ziwe zako si hatari, ni tamaa.

*Mchangiaji wa pili:*
Mbona huitaji Gambotto dhidi ya WCP, ya Australia, 1995? Wengi walikuwa na asilimia 99.7. Hisa ilithaminiwa dola 1.365, wao wakaweka bei ya dola 1.80. Hisa zote zikiwa mikononi mwao, kampuni ingeokoa takriban dola milioni 4 za kodi. Mahakama Kuu ya huko ikabatilisha kifungu! Sasa wachache wanashika kampuni mateka kwa kisingizio cha haki. Aliyelipwa zaidi ya thamani ameonewa nini?

*Mwanzisha mada:*
Ameonewa kwa kunyang'anywa uamuzi. Hisa ni mali yake, na bei nono haigeuzi ulazimishaji kuwa mauzo ya hiari. Mahakama ile ilisema kuokoa kodi hakutoshi, na ikawabebesha walio wengi mzigo wa kuthibitisha kwamba wametenda haki. Mzigo huo ndio ninaoutetea. Anayetaka hisa zote ana njia halali ya zabuni ya ununuzi, yaani kuwaomba wanahisa wote wamuuzie: Uingereza, akifikisha asilimia 90 ya hisa alizoomba kununua, anaweza kuwalazimisha waliobaki, nao wana haki ya kupinga mahakamani.

*Mchangiaji wa tatu:*
Nakubaliana nawe kwa kifungu kilichoongezwa baadaye. Kikiwemo tangu kampuni inasajiliwa, mwanahisa aliingia akikijua, na huyo simtetei.